Maji Niliyoyakinga Mimi

Jumapili, tarehe 2

Leo mawingu yalikuja, yakasimama juu yetu, yakaondoka. Baba alisema, "Yanatuchungulia tu." Anayangoja kwa hamu kwa sababu maji ya pipani yamebaki kina cha kiganja.

Nianze na kwetu, maana daftari hili ni jipya. Tunaishi juu ya tishari. Ni chombo cha chuma, kipana na bapa kama sinia, kinachobeba mchanga unaochimbwa mlangoni mwa mto. Hakina injini, huvutwa. Baba ndiye msimamizi wake, na msimamizi hulala chomboni, kwa hiyo na sisi tunalala chomboni: Baba, mimi, mdogo wangu tunayemwita Kidagaa, na mama mdogo, ambaye Baba alimwoa mwaka jana. Mama yetu alifariki Kidagaa akiwa bado ananyonya. Kidagaa humwita mama mdogo "mama" bila hata kufikiri. Mimi neno hilo linanikwama.

Maji yanayotuzunguka ni ya chumvi. Ya kunywa ni ya mvua, na fundi wa maji ni mama mdogo. Amepanga ndoo tatu moja juu ya nyingine, zote zimetobolewa chini. Ya juu ina kitambaa cheupe na kokoto, ya kati ina mchanga, ya chini ina makaa aliyoyaponda mwenyewe. Maji yanaingia juu na takataka zake, yanatoka chini yakimetameta. Na hatukingi mvua tangu inapoanza. Tunaiacha kwanza ioshe bati vumbi na mavi ya ndege. Hayo tunayaita maji ya ndege, yote yanamwagwa. Mama mdogo huchovya kidole, huonja, hutema, huonja tena, halafu hupiga ukelele "Fungulia!" utadhani yuko mnadani.

Ana sauti kubwa mno. Nikirudi shule, hata sijapanda mashua ya kunivusha, ananiita kutoka sitahani: "Mwanangu weee! Umekula?" Watu wote wanaongoja kivuko hapo gatini hugeuka. Mimi huangalia viatu vyangu.

Jumanne, tarehe 4

Baba amelipaka paa rangi ya kuzuia kutu. Nyekundu kama kidonda. Maandishi ya kopo yako kwa lugha ya darasani, kwa hiyo akaniita nisome. Nikasoma, nikamfasiria: rangi ina sumu, na maji yanayopita juu yake yasinywewe mpaka ikauke kabisa na inyeshewe mvua kadhaa. Akaniambia nirudie, mama mdogo naye asikie. Nikarudia.

"Umesikia msomi wetu?" Baba akasema. Kusema kweli nilivimba kichwa.

Basi kwa sasa tutakinga kwa turubai peke yake. Turubai lenyewe lilikuwa bango la tangazo la dawa ya meno. Lina uso wa mwanamke anayecheka, na jino lake moja ni sawa na mlango wa kabati. Tunalifunga kwenye nguzo nne, tunaweka jiwe katikati ili libonyee, na pale kwenye tundu, karibu na pua ya yule dada, kuna mpira unaoshuka hadi pipani. Linaonekana kutoka gatini. Nadhani linaonekana hata kutoka mwezini.

Jumatano, tarehe 5

Insha: "Nyumbani Kwetu." Nimeandika kwamba tuna bustani. Mwalimu amesahihisha mikato tu.

Alhamisi, tarehe 6

Nataka kuandika haraka nimalize.

Mama mdogo alikuwa akijaribu kamba mpya za turubai wakati sisi wa shule tumejaa gatini. Yuko msichana wa darasa letu tunamwita Redio, kwa sababu habari ikimfikia imewafikia wote. Akaona.

"Jamani, lile nini lile? Wamefungua sinema?"

"Wanauza tabasamu kwa jumla," mwingine akajibu.

"Hivi pale wanaishi watu?"

Nilijikunja nyuma ya mzee mmoja mwenye tenga la kuku. Ndipo mama mdogo akaniona, na kama kawaida yake akapunga mikono yote miwili. "Mwanangu weee! Hao ndio rafiki zako? Waambie waje kunywa chai!"

Redio akanigeukia taratibu, kama mtu anayefungua zawadi. "Kumbe ni kwenu! Na hiyo chai, maji yake yanatoka wapi? Hapo puani?"

Kivuko kizima kilicheka. Na mimi nikacheka. Hilo ndilo linaloniuma. Mama mdogo aliona tunacheka, akadhani tumefurahi, akacheka pia kule ng'ambo, peke yake, akipunga.

Tangu leo naitwa Meno.

Jumatatu, tarehe 10

Mvua kubwa. Sikwenda shule kwa sababu Baba alikuwa amepanda mto kikazi na mama mdogo alikwenda sokoni, hivyo Kidagaa hakuwa na mtu. Turubai lilifungwa. Pipa limejaa.

Jumanne, tarehe 11

Shuleni kuna bomba karibu na maabara. Nimejaza chupa yangu.

Jumatano, tarehe 12

Jua. Rangi ya paa inang'aa. Nimejaza tena chupa.

Alhamisi, tarehe 13

Kidagaa ametapika. Kwanza tulidhani ni maembe mabichi, maana huwa anayala kwa chumvi akijificha. Baadaye akashika tumbo, akawa analia kile kilio kisicho na sauti, mdomo wazi tu. Mama mdogo alimbeba mgongoni akizunguka naye sitahani, akimwimbia na kumpapasa mguu. Kidagaa akaomba maji. Mama mdogo akakinga kikombe chini ya ndoo ya mwisho, yale yanayometameta.

Nikasema, "Mpe ya kwangu." Nikatoa chupa ya shule.

"Ya nini hiyo? Haya ndiyo safi, nimeyachuja mwenyewe."

"Hii ina baridi kidogo."

Akaichukua. Akaniambia, "Una roho nzuri wewe." Nikaingia ndani.

Ijumaa, tarehe 14

Tumekwenda zahanati asubuhi na mapema. Tabibu alikuwa mama mmoja mchovu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alimbonyeza Kidagaa tumbo, akamwangalia macho na kucha, akauliza, "Mnakunywa maji gani?"

"Ya mvua, daktari," akasema Baba. "Lakini tunayachuja."

"Mnayachuja kwa kitu gani?"

Mama mdogo akaeleza: kokoto, mchanga, makaa. Akaeleza vizuri, kwa fahari.

"Makaa mmeyatoa wapi?"

Hapo akasita. Akasema gunia jipya lilikaa wiki nzima karibu na pipa la dizeli kabla hajalisogeza. Lakini aliyaosha, akasema. Aliyaosha sana.

Tabibu akasema hawezi kujua bila vipimo, lakini inaonekana ni sumu ya kitu kama mafuta au dawa, na kwamba maji yote yamwagwe, makaa yatupwe, mtoto apewe vimiminika na arudishwe akizidiwa. Alisema "inaonekana." Shangazi, dada yake Baba, aliyekuja kutupokea mlangoni, hakulisikia hilo neno.

"Makaa ya dizeli! Wifi, unampa mtoto wa marehemu makaa ya dizeli?"

"Wifi, niliyaosha."

"Angekuwa wa tumbo lako ungeyaosha vizuri zaidi."

Watu kwenye benchi waliinamisha vichwa. Baba alisema, "Dada, basi." Alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba njia. Mimi nilikuwa nimeshika viatu vya Kidagaa. Nilikuwa karibu kiasi kwamba ningesema bila hata kuinua sauti.

Jumapili, tarehe 16

Nimedanganya hata humu.

Turubai halikufungwa. Siku ile ya mvua nililitoa, nikafunga kamba ya kwanza, nikatazama gatini. Shule ilikuwa imetoka na kivuko kilikuwa kimechelewa. Walikuwa wamesimama pale wote, wamejifunika mifuko vichwani, hawana la kufanya ila kutazama. Nikamwona Redio. Nikaiwazia ile sura ikifunguka, jino kwa jino, na mimi chini yake nikihangaika na kamba. Nikashindwa. Nikaifungua ile kamba.

Nikauelekeza mpira wa paa pipani. Nilimwaga kwanza maji ya ndege, hilo nililifanya sawasawa, hata nilionja kwa kidole kama afanyavyo mama mdogo. Nilijiambia rangi imekauka. Nilijiambia kopo linatia chumvi, watengenezaji huandika hivyo ili wasishtakiwe. Nilijiambia mambo mengi kwa lugha zote mbili.

Halafu nikalikunjua turubai sitahani, nyuma ya chumba ambako hawaoni, lilowe. Nikalikunja likiwa limelowa, nikaliweka mahali pake. Mama mdogo aliporudi alilishika, akasema, "Umefanya kazi ya watu wawili."

Hayo bado si yote. Jioni ile maji yalikuwa na harufu. Ndogo sana, kama chumba kilichopakwa rangi juzi. Mama mdogo hakuisikia, ana mafua tangu mwezi uliopita. Baba hunywa maji kama anayezima moto, hasikii kitu. Mimi niliisikia. Ndiyo sababu ya ile chupa ya shule. Niliwaacha wao wayanywe, mimi nikanywa ya bombani. Baba na mama mdogo ni watu wazima, yaliwapita. Kidagaa ni mdogo.

Sijui neno la mtu wa namna hiyo. Nimelitafuta katika lugha ya darasani pia, nikidhani huenda kule liko jepesi zaidi.

Jumatatu, tarehe 17

Kidagaa amekula uji, akaomba mwingine.

Jumanne, tarehe 18

Nimerudi shule na hakuna aliyeniita. Nilisimama gatini nikingoja ile "Mwanangu weee." Mama mdogo alikuwa sitahani, mgongo kwetu, amechuchumaa mbele ya karai. Redio akauliza, "Leo Mama Tangazo anaumwa koo?" Sikuangalia viatu.

Nilipofika nikaona anachofanya. Tabibu alisema makaa yatupwe, na ameyatupa. Baba amemletea gunia lingine, lililotoka mbali na mafuta yoyote. Na hilo analiosha. Anasugua kipande kimoja kimoja kwa brashi, anakisuuza, anakinusa, anakirudisha. Mikono imekuwa myeusi mpaka kwenye viwiko.

"Mama mdogo, hayo ni safi."

"Na yale nilisema hivyo hivyo."

"Labda haikuwa makaa."

"Ilikuwa nini basi?" Akanitazama. Hakuwa ananitega. Alikuwa anauliza kweli, kama mgonjwa anayemuuliza daktari. Alitaka nimpe kitu chochote.

Nikasema, "Sijui."

Jumatano, tarehe 19

Mawingu. Hakuna aliyeyatazama. Tunanunua maji ya madumu.

Alhamisi, tarehe 20

Shangazi alikuja na matunda ya Kidagaa. Alipopewa maji alisema, "Ahsante, nimekunywa nyumbani," akaiweka bilauri chini mbali na miguu yake, kama kitu kinachoweza kumrukia. Mama mdogo aliiondoa bila kusema kitu. Mwaka jana angemjibu hadi samaki wasikie.

Nilikuwa nikimwona ni mtu wa makelele. Sasa namtazama na naona alikuwa akituita tu. Alikuwa ametoka kwao, akaja kukaa juu ya chuma na mtoto mmoja anayemkumbatia na mwingine anayemwonea haya, na kila siku alikuwa akimwita yule wa pili, labda ipo siku ataitika.

Ijumaa, tarehe 21

Nimekuta begi lake mlangoni. Ndani ya chumba Baba alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda, kofia mikononi.

"Sikufukuzi," alikuwa akisema. "Nani amekufukuza?"

"Hujanifukuza. Lakini kila nikimpa mtoto kijiko, unakiangalia kijiko."

Baba hakukana. Hana uwezo wa kusema uongo, ndiyo maana huwa kimya.

"Naenda kwa kaka yangu nikae kidogo," mama mdogo akasema. "Nikikaa hapa nitamwogopa mtoto. Jana alisema 'mama, maji,' nikakirudisha kikombe chini. Mtu gani anaogopa kumpa mtoto maji?"

Nilikuwa mlangoni na begi la shule mgongoni. Nilitaka kuanza vizuri, kwa mpango, kama insha. Kilichotoka ni: "Sikulifunga turubai."

Wakanitazama wote wawili.

"Sikulifunga. Nilikinga ya paa. Walikuwa wananitazama kule gatini, nikaona haya. Turubai nililimwagia tu. Yaani nililitandika lilowe. Haikuwa makaa. Makaa hayakuwa na kosa."

Maji yaligonga chuma chini yetu. Baba akasema pole pole, "Wewe ndiye uliyenisomea kopo."

"Ndiyo."

"Mara mbili."

"Ndiyo, Baba."

Nikadhani yameisha. Lakini Baba ni mtu wa kupima kina kabla hajapita. Akauliza, "Na wewe uliyanywa?"

Ningeweza kusema nilikunywa kidogo. Nani angejua?

"Hapana. Nilikunywa ya shule."

Mama mdogo alikuwa amefungua mdomo. Najua alitaka kunitetea, ni tabia yake, angesema mtoto ni mtoto. Aliposikia hilo aliufunga. Akakaa juu ya begi lake.

Baadaye sana akasema, "Wiki nzima nimejinusa mikono."

Nilisema nisamehe, lakini nililisema chini sana, sijui kama lilimfikia.

"Begi halitoki," akasema, hakuwa akiniambia mimi. "Nabaki kwa ajili ya yule mdogo. Wewe, binti, mimi na wewe bado tuna safari. Na kesho utakwenda kwa shangazi yako umweleze hayo hayo, kwa mdomo huo huo. Sitakupeleka wala sitakusaidia."

Binti. Hajawahi kuniita hivyo.

Jumamosi, tarehe 22

Shangazi alikuwa anapinda foronya kwa cherehani. Nilimweleza tangu rangi hadi chupa. Cherehani ilisimama, ikaendelea, ikasimama.

Aliponiangalia sikuona hasira, na hilo lilinitisha. "Sikiliza, mwanangu. Mtoto amepona?"

"Amepona."

"Basi imekwisha. Usimweleze mtu mwingine. Msichana mkubwa kama wewe, unaanza kujulikana, jina likichafuka halifuliki. Waache watu waseme ni makaa. Makaa hayana jina la kuchafuka."

"Mama mdogo analo."

"Ah, yule!"

"Shangazi, ulisema mbele ya watu kwamba angekuwa wa tumbo lake angeyaosha vizuri. Aliyaosha vizuri. Mimi ndiye wa tumbo moja na Kidagaa, na mimi ndiye niliyefanya."

Maneno yalinitoka yakigongana. Shangazi akavua miwani.

"Umeanza lini kuwa na mdomo wewe?"

"Sijui. Leo."

Akageuza foronya, akakata uzi kwa meno. "Toka hapa, unanichanganyia mshono." Lakini nilipofika kizingitini akaniita. "Mwambie nitakuja Jumanne."

Jumanne, tarehe 25

Amekuja, na gunia la makaa kichwani mwa mchukuzi.

"Wifi, nimekuletea makaa."

"Makaa ninayo, wifi," mama mdogo akasema. Hakusimama. "Nilikuwa nangoja neno."

Shangazi alitazama mto, akatazama nguzo, akatazama mahali pote pasipo na mtu. Akasema, "Nilikukosea. Mbele za watu." Halafu akaomba maji, akayanywa yote, akarudisha bilauri kama mtu aliyemaliza dawa.

Kwa mara ya kwanza tangu ile siku ya zahanati mama mdogo alicheka. "Polepole, wifi, hayo ni ya dumu. Hayachujwi na mimi."

Walicheka wote wawili. Mimi nilikuwa naosha vyombo. Hakuna aliyeniita nicheke, na ilikuwa haki.

Ijumaa, tarehe 28

Mvua ya usiku hadi asubuhi, Baba na mama mdogo walikinga. Maji ya paa tumekubaliana hatuyagusi msimu huu wote.

Jumapili, tarehe 30

Mvua tena, kabla ya chakula. Safari hii niliachiwa mimi kulifunga turubai na kukinga. Mama mdogo alikaa ndani na Kidagaa, mlango wazi, akinitazama kila hatua bila kusema kitu, hata ule ukelele wake wa "Fungulia!" Nilionja, nikatema, nikaonja, nikafungulia. Gatini kulikuwa na watu. Mtu alipiga mluzi. Masikio yaliniwaka moto na bado yananiwaka ninapoandika.

Yalipomaliza kushuka kwenye ndoo zote tatu nilichota bilauri, nikaipeleka ndani kwa mikono miwili. Nikampa mama mdogo. Hakuipokea.

"Anza wewe," akasema.

Baba aliacha kutafuna. Nilielewa. Hakusema kwa ukali, alisema kama mtu anayekwambia vua viatu. Nikanywa pale pale, wote wakinitazama, mpaka nusu. Akangoja kidogo. Ndipo akaichukua, akanywa iliyobaki.

Nikamchotea na Kidagaa. Alikuwa ameuona mchezo wote na akaupenda. Akaficha mikono nyuma ya mgongo, akabana midomo akizuia kicheko.

"Anza wewe," akasema.

Sasa ndivyo atakavyosema kila mara, namjua. Atasema asubuhi, atasema mbele ya wageni, na wageni watauliza kwa nini.

Nikanywa.